Bledi ya Akriliki Haigusi Mbao

Kazi ya mabango niliianza Gerezani, Dar es Salaam, kwa kukoroga rangi. Mzee aliyenipokea alikuwa akiandika majina ya maduka kwa brashi juu ya bati, na mkono wake haukuhitaji rula. Kisha wateja wakaanza kutaka herufi zinazowaka usiku, akriliki ikaingia, nami nikahamishwa kutoka kwenye rangi kwenda kwenye msumeno.

Msumeno wa meza tuliuazima kwa seremala wa jirani. Bledi yake ya meno 24 ilikuwa ya kupasulia mbao, na karakana zote za pale zilikata hivyohivyo. Ukingo ulitoka umemegukameguka kana kwamba umetafunwa na panya, ikafuata siku nzima ya kupiga msasa, siku ambayo mteja hailipii. Na shiti la futi 4 kwa 8 si la kuchezea. Ufa ukianzia pembeni hutembea mpaka katikati ya kazi.

Mzee hakusomea plastiki, ila pua alikuwa nayo. "Kijana, inanuka," alinipigia kelele kutoka nje. "Hiyo bledi inasugua, haikati." Ndivyo ilivyokuwa. Akriliki huanza kulainika karibu na nyuzi 105 za Selsiasi, na jino butu hulifikia joto hilo upesi. Ikishalainika, chenga hunata kwenye meno na mkato huziba nyuma ya bledi. Ikiwa baridi nayo ni ngumu lakini haina uvumilivu: ukiipiga, inavunjika. Jino linalotakiwa basi ni lile lisiloipiga wala kuisugua.

Tulilipata kwenye bledi za plastiki na alumini: inchi 10, meno 80, ncha za kabaidi. Wauzaji hukutajia idadi ya meno tu. Mimi hutazama umbo la jino kwanza. Bledi nyingi za mbao zina meno yaliyochongwa mshazari, moja kushoto, moja kulia. Hukata nyuzi za mbao vizuri, lakini akriliki haina nyuzi, kwa hiyo humeguka. Kwenye bledi ya plastiki jino moja limepunguzwa pembe zote mbili na limezidi urefu kidogo, linafungua njia katikati. Linalofuata ni bapa, linasafisha kona zilizobaki. Tena meno hayo hayakuinamia mbele sana, hivyo hayalinyakui shiti mikononi mwako.

Meno mengi hayafai kila mahali. Shiti la milimita 10 na kuendelea nalikata kwa meno 60, maana chenga zinahitaji nafasi ya kutokea. La milimita 3 au chini, mkato ukiwa mnyoofu, sina haja ya msumeno: nalichora kwa kisu chake mara kadhaa, nalivunjia kwenye ukingo wa meza. Akriliki iliyomiminwa kwenye kalibu inakatika safi kuliko ile ya bei nafuu inayosukumwa mashineni, ambayo huyeyuka mapema. Karatasi ya kulinda siibandui. Bledi naiinua izidi shiti kidogo tu, kisha nasukuma kwa mwendo usiobadilika. Ukisitasita, inaungua, ukiharakisha, inameguka. Chenga zikiruka kavu, endelea. Zikitoka kama uzi, zima mashine uikague bledi.

Mwaka 2020, Uviko-19 ulipoingia, kila kaunta ilitaka kinga ya akriliki, na watu wakaikatia hata kwa grainda. Kingo zilizoungua walizing'arisha kwa moto wa gesi, zikapendeza. Dukani wakazipangusa kwa spiriti kila asubuhi, na nyufa ndogondogo zikajaa ukingo mzima. Joto huacha mkazo ndani ya akriliki, na spiriti huufumua. Mteja alilaumu shiti, wakati kosa lilikuwa la aliyelikata.

Bledi yangu ya akriliki haigusi mbao, sembuse plaiwudi, ambayo gundi yake hula makali. Mafundi wenzangu huniita mchoyo kwa sababu siiazimishi. Nawe ukitafuta wa kukukatia, usiulize bei kwanza. Omba uoneshwe bledi, na ukiambiwa ni hiyohiyo ya kabati na milango, chukua shiti lako uende kwa mwingine.