Maili 60 kwa Miguu kando ya Bahari ya Pasifiki

Kutembea kwa miguu si jambo geni kwa Mtanzania. Wapo wazee wetu waliotoka bara hadi pwani kwa miguu kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge, na wapo wengi wanaoyakumbuka matembezi ya mwaka 1967, vijana walipoliunga mkono Azimio la Arusha kwa kutembea masafa marefu, na Mwalimu Nyerere mwenyewe akatoka Butiama hadi Mwanza kwa miguu. Kwa hiyo msomaji asistaajabu nikimweleza kwamba huko Marekani, nchi ambayo watu wake husemwa kuwa hawaendi hata dukani bila ya gari, yako matembezi ambayo mtu hukusanya fedha kwa miezi kadhaa ili aruhusiwe kutembea maili 60 kwa siku tatu. Mwezi Novemba mwaka 2019, katika mji wa San Diego, jimbo la California, nami nilikuwa miongoni mwao.

Maili 60 ni karibu kilomita 97. Atakaye kuupima umbali huo kwa macho ya nyumbani, na aondoke Dar es Salaam kwa barabara ya Morogoro. Atakapokuwa amechoka kabisa atakuwa bado hajafika Chalinze, ingawa atakuwa ameikaribia.

Matembezi hayo ni ya hisani, na shabaha yake ni kupambana na saratani ya matiti. Shirika linaloyaendesha lilizaliwa kutokana na ahadi baina ya ndugu wawili. Susan Komen, mwenyeji wa Peoria katika jimbo la Illinois, alifariki kwa maradhi hayo mwaka 1980 akiwa na umri wa miaka 36. Mdogo wake, Nancy Brinker, alikuwa amemwahidi kwamba hatakaa kimya; mwaka 1982 akaanzisha mfuko wenye jina la dada yake, na mwaka uliofuata mbio za kwanza za kuuchangia zikafanyika Dallas. Matembezi ya siku tatu yalianza mwaka 1998 huko huko California chini ya waandalizi wengine, kisha mfuko huo ukayashika.

Neno "kimya" nimelitumia kwa makusudi. Wamarekani nao walikuwa na haya zao. Zamani kulikuwa na wanawake wengi huko waliokufa na siri yao vifuani, na magazeti hayakupenda kuutaja ugonjwa wenyewe kwa jina. Mwaka 1974 Betty Ford, mke wa Rais Gerald Ford, alipotangaza waziwazi kwamba amefanyiwa upasuaji wa titi, maelfu ya wanawake walijitokeza kupimwa. Mwanamke mmoja alisema, na wengine wakapona. Hilo ndilo jambo nililokwenda kuliona kwa macho yangu.

Aliyeniita ni dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, ambaye ameishi San Diego miaka mingi. Mama yake, yaani mama mkubwa, tulimzika katika kijiji kimoja cha wilaya ya Muheza mwaka 1991. Uvimbe aliuona mapema, lakini alisema ni jipu. Lilipopasuka alijifunga kanga kifuani, moja juu ya nyingine, asubuhi na jioni, asijue mtu, hata binti yake aliyelala naye chumba kimoja. Alipofikishwa hospitali hapakuwa na la kufanya ila kumpunguzia maumivu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tulilishuhudia neno hilo nyumbani kwetu.

Miaka 20 baadaye, akiwa anaoga, dada naye aliligusa gole dogo lisilouma. Alikwenda hospitali kesho yake. Akapasuliwa, akapewa dawa za kemikali zilizomwangusha nywele zote, akapigwa mionzi. Alipona. Tangu hapo alitamani kutembea, na safari hii akataka atembee na mtu wa damu yake.

Kila mtembeaji ilimpasa kuchangisha si chini ya dola 2,300. Dada aliwaandikia barua wafanyakazi wenzake. Nami nilipofika tulikaanga sambusa na maandazi tukawauzia majirani, ambao baadhi yao walirudi mara tatu na huenda hawakurudi kwa sababu ya saratani. Haba na haba, kibaba kikajaa.

Tuliondoka alfajiri kutoka viwanja vya maonyesho vya Del Mar, mahali penye uwanja mashuhuri wa mbio za farasi uliofunguliwa mwaka 1937, kaskazini ya mji. Watembeaji wengi walikuwa wanawake, lakini wanaume hawakukosekana. Wengi walikuwa wamebandika migongoni picha za marehemu wao: mama, dada, mke, na hata baba, kwani maradhi haya, ingawa kwa uchache sana, huwapata wanaume pia. Fulana nyingine zilikuwa na maneno ya mzaha kuhusu matiti, ambayo kwetu yasingesemwa mbele ya wakwe. Mwanzoni niliona haya kuyasoma. Kufika adhuhuri nilikuwa nimeyazoea, na nikaanza kuona kwamba mzaha huo ulikuwa na kazi yake, maana kinachochekwa hadharani hakiwezi tena kufichwa.

Kando yetu kulikuwa na Bahari ya Pasifiki. Sisi wa pwani ya Afrika ya Mashariki tumezoea kuliona jua likichomoza baharini. Kule hutokea milimani, likatua majini. Maji yake ni ya baridi hata kwa kuyatazama, na miamba ya La Jolla imejaa sili na simba wa baharini wanaojianika kama mikeka.

Kabla ya La Jolla kuna kilima cha Torrey Pines, kilichopewa jina la msonobari adimu ambao kwa asili huota hapo na katika kisiwa kimoja tu cha California. Kilima hicho kiliwanyamazisha wengi. Mimi nilitaka kukimaliza haraka, dada akanishika mkono.

"Mdogo wangu, polepole. Siku ni tatu. Atakayekimbia leo, kesho atabebwa."

Huko juu ndiko iliko Taasisi ya Salk, majengo ya zege yaliyosanifiwa na Louis Kahn, yakikabili bahari. Jonas Salk ni yule mtaalamu ambaye chanjo yake ya polio ilitangazwa mwaka 1955 kuwa ni salama na yenye nguvu. Utafiti wake haukulipiwa na matajiri pekee. Mfuko ulioanzishwa mwaka 1938 kwa juhudi za Rais Franklin Roosevelt, ambaye yeye mwenyewe alikuwa amepooza miguu, uliwaomba wananchi senti kumi kumi, na katika miaka ya 1950 akina mama walipita nyumba kwa nyumba usiku wakikusanya. Kwa hiyo tulipokuwa tukikipanda kilima kile kwa kutweta, tulikuwa tukikaribia ushahidi wa kwamba miguu ya akina mama na vijisenti vya watu wa kawaida vimewahi kuushinda ugonjwa.

Utaratibu wa safari ulistahili sifa. Kila baada ya maili chache palikuwa na kituo chenye maji, machungwa, vyoo na wauguzi wa kutumbua na kufunga malengelenge. Magari yaliyopambwa kwa maputo yalipita yakiwaokota walioshindwa, wala hakuna aliyechekwa kwa kupanda. Watoto walisimama mbele ya nyumba zao wakigawa peremende. Usiku tulilala kwenye kambi ufukweni mwa Mission Bay, ghuba ambayo zamani ilikuwa kinamasi kabla haijachimbwa na kufanywa bustani. Mahema yalikuwa ya rangi ya waridi, wawili wawili kwa kila hema, na bafu zilikuwa ndani ya malori.

Siku ya pili ndiyo ngumu. Ya kwanza mtu hubebwa na hamasa na ya tatu hubebwa na kuuona mwisho. Ya pili hana wa kumbeba ila mwenziwe. Jioni yake, tukiwa tumenyoosha miguu hemani, nilimuuliza jambo ambalo kwa miaka minane sikuwahi kuthubutu kumwuliza.

"Dada, siku ile ulipoligusa, hukuogopa?"

"Niliogopa, mdogo wangu, hata nikakaa chini bafuni. Lakini niliziogopa zaidi zile kanga za mama."

Hatukusema zaidi.

Siku ya tatu njia ilituingiza mjini, na mwisho wa njia watembeaji wakakusanyika. Kuna desturi moja ambayo sikuwa nimeelezwa. Waliopona saratani huingia uwanjani wakiwa kundi moja, na wengine wote huvua kiatu kimoja wakakiinua juu kuwa heshima kwao. Kwetu kumwinulia mtu kiatu ni tusi, tena tusi kubwa. Lakini viatu vile vilikuwa vimetembea maili 60, na miguu iliyovivua ilikuwa na plasta na damu. Nilimwona dada akiingia katikati ya wenziwe, kanga imefungwa kiunoni, si kifuani. Nikavua kiatu changu nikakiinua.

Ndugu msomaji, ningekuwa sitendi haki kama ningeeleza uzuri peke yake. Wapo Wamarekani wanaohoji matembezi haya. Husema kwamba mahema, malori na matangazo hula sehemu kubwa ya fedha, na kwamba afadhali mtu atoe mchango wake akae nyumbani. Watu nao walianza kupungua: mwaka 2013 shirika lenyewe lilitangaza kuyafuta matembezi katika miji saba kati ya 14 kuanzia mwaka uliofuata. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, senti iliyotolewa kimya haimfundishi jirani kulitamka jina la ugonjwa, na umati upitao barabarani mchana kutwa humfundisha.

Sasa turudi kwetu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya matiti, na watu 670,000 walikufa kwayo. Katika nchi tajiri, zaidi ya wagonjwa tisa katika kila kumi huwa hai miaka mitano baada ya kugunduliwa. Hapa Tanzania, tathmini iliyotolewa mwaka 2017 ilionyesha kwamba takriban wanawake wanane katika kila kumi wenye maradhi hayo hugunduliwa ugonjwa ukiwa tayari umekwisha kuenea. Ugonjwa ni ule ule. Kinachotofautiana ni siku ya kufika kwa daktari, na kile anachokuwa nacho daktari huyo mkononi.

Kuchelewa huko si kwa sababu ya haya peke yake. Kwa miaka mingi matibabu ya mionzi yalipatikana mahali pamoja tu nchini, Ocean Road, Dar es Salaam, katika majengo ya enzi ya Wajerumani kando ya bahari, hadi hospitali ya Bugando, Mwanza, nayo ilipoanza kuyatoa. Mama aliyetoka Kigoma kwa treni alisafiri zaidi ya kilomita 1,200, akawaacha watoto na shamba, na hakuna aliyesimama njiani kumgawia peremende. Hayo ndiyo matembezi marefu ya saratani kwa watu wetu, wala hayana mahema ya waridi. Matembezi ya hisani yakifanyika hapa kwetu, na yamekuwa yakifanyika katika miji yetu, hapana budi fedha zake zimfikie mama huyo: nauli yake, malazi yake, na dawa zake.

Lakini hatua ya kwanza haihitaji nauli wala mfadhili. Mwanamke na aujue mwili wake. Akiona uvimbe titini au kwapani, ngozi iliyokunjamana kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani au inayotoa damu, asingoje maumivu, kwa kuwa uvimbe wa saratani mara nyingi hauumi mwanzoni. Uvimbe mwingi wa titi si saratani, na mpimaji ndiye awezaye kupambanua, si jirani wala mwenye majani ya kubandika. Naye mume amsindikize mkewe, asimwulize kwanza nani amemtazama.

Baada ya miguu kupona, dada alifunga mzigo wa kurudi nao nyumbani. Ndani yake mlikuwa na karatasi zenye michoro ya namna ya kujichunguza, alizozitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili kwa ajili ya wanawake wa kijiji alikozikwa mama yake. Kutoka msibani hadi zahanati, kule kijijini, ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Mama mkubwa hakuutembea. Walio hai wanaweza kuutembea kesho asubuhi.