Mlingoti Nyuma ya Jiko

Kwa zaidi ya miaka arobaini nilisoma kila kilichopita mbele ya macho yangu: madaftari ya wanafunzi, nyaraka za wizara, gazeti la Uhuru, hata vipande vya magazeti ya zamani vilivyofungiwa sukari dukani. Leo sisomi tena. Presha ya macho imelichukua jicho la kushoto lote, na la kulia imeniachia tundu dogo la katikati, mfano wa mtu achunguliaye nje kupitia tundu la ufunguo. Daktari kule Mwanza alinieleza waziwazi kwamba kilichopotea kwa ugonjwa huu hakirudi. Dawa ya matone ni ya kulinda kilichobaki. Haya ninayoandika nayaandika kwa kalamu ya wino mzito, maneno manne au matano katika mstari, na mjukuu wangu wa kike ananakili. Kwa hiyo msomaji asishangae nikisema kwamba mlingoti wa futi 30 ulio nyuma ya jiko letu hapa Segese si anasa ya mstaafu. Ndio gazeti langu.

Kizazi chetu kililelewa na redio ya masafa ya kati na masafa mafupi. Nilipotoka Chuo cha Ualimu Butimba nikiwa kijana, haukupita muda nikajikuta nasimamia kikundi cha wasikilizaji katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Nchi nzima watu wapatao milioni 2 walikusanyika kwa vikundi, wakasikiliza Radio Tanzania Dar es Salaam, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Redio yetu ilikuwa National ya betri, na betri zikichoka tulizianika juani zipate uhai wa siku mbili tatu. Sauti ilikuja na kuondoka kama mtu anayezungumza huku akitembea. Msimu wa mvua ndiyo ilikuwa balaa. Kila umeme ulipomulika upande wa Ziwa, redio ilipasuka kama mahindi kikaangoni, na mkulima aliyekuwa akisubiri kusikia kina cha choo aliambulia ngurumo.

Sababu yake niliifundisha darasani miaka mingi kabla sijaionja faida yake. Katika masafa ya kati, sauti ya mtangazaji imebebwa na ukubwa wa wimbi: wimbi likinenepa na kukonda, redio inapata maneno. Radi nayo hunenepesha wimbi, na redio haina namna ya kujua lipi ni la mtangazaji na lipi ni la mbingu. Mmarekani Edwin Armstrong, aliyepata hataza zake mwaka 1933, aliacha unene akashika mwendo. Wimbi la FM linabaki na unene uleule, bali linaharakisha na kupunguza kasi ya mtetemo wake. Redio inakata vilele vyote vilivyozidi, na pamoja navyo sehemu kubwa ya makelele ya radi. Wajerumani walilazimika kuukimbilia uvumbuzi huo mapema kuliko majirani zao, kwa kuwa mpango wa Copenhagen wa mwaka 1948 uliwanyima masafa ya kati ya kutosha. Sisi tulisubiri mpaka sheria ya mwaka 1993 ilipofungua mlango kwa watangazaji binafsi. Mwanza ikatupatia Radio Free Africa, na baada yake nyingine zikafuata kama uyoga.

Lakini kuna jambo kubwa kuliko radi, nalo ni majina.

Huku kwetu ni nchi ya mashimo ya dhahabu. Kaskazini yetu kuna mgodi mkubwa wa Bulyanhulu, na pande zote kuna maduara ya wachimbaji wadogo. Vijana niliowafundisha hesabu za sehemu wengi wao wako chini ya ardhi wakati huu ninapoandika. Mwaka 2015, katika mgodi wa Nyangalata, wachimbaji walifukiwa mwezi Oktoba, na watano wakatolewa hai mwezi Novemba baada ya siku 41. Waliishi kwa kula mizizi, mende na vyura. Mwenzao mmoja alifia shimoni. Habari kama hiyo ikisomwa redioni, mwalimu mkuu mstaafu hasikilizi idadi. Anasikiliza majina. Na majina ndiyo ya kwanza kupotea kwenye redio mbovu. Stesheni ya masafa ya kati kwa kawaida hupitisha sauti hadi mitetemo 4,500 hivi kwa sekunde. FM hufika 15,000. Herufi kama s, sh na f zinaishi huko juu. Masanja na Masunga hutenganishwa na herufi mbili tu, na sidhani kama niliwahi kuwa na darasa lisilo na wote wawili.

Msimu mmoja wa mvua, macho yalipokuwa yameanza kunitupa, nilisikia jina nusu katika taarifa ya ajali. Redio yangu ndogo ilikoroma palepale. Nilikaa toka saa saba mchana mpaka habari za saa mbili usiku bila kuonja chakula, nikiwapitia kichwani vijana watatu ambao jina lile lingeweza kuwa lao. Hakuwa hata mmoja wao. Alikuwa mtoto wa watu wengine, wa mbali. Kesho yake nilimwambia mama watoto kwamba sehemu ya kiinua mgongo iliyobaki ina kazi.

Nilitafuta tyuna, yaani ile sehemu ya muziki mkubwa inayopokea stesheni tu, isiyo na kaseti wala spika ndani yake. Maduka ya vifaa vilivyotumika yamejaa mali ya Japani, na hapo mnunuzi awe makini. Redio zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Wajapani wa zamani huanzia megahezi 76 na kuishia 90, ilhali stesheni zetu ziko kati ya 88 na 108. Kila mwenye gari lililotoka Japani analijua jambo hili. Tena umeme wao ni volti 100, wetu ni 230. Ukichomeka bila transfoma unanusa moshi. Nilimpa mjukuu kazi ya kunisomea maandishi ya mbele na ya nyuma ya kila kifaa, mpaka tukapata kimoja kilichoandikwa 88 hadi 108 na volti 220. Ni cha zamani, cha mshale, chenye swichi kubwa ya kuzungusha iliyo nzito kama mzani wa dukani. Muuzaji alitaka kunipa chenye tarakimu za kijani. Za nini, kwa mtu asiyeziona?

Antena tuliitengeneza wenyewe. Mawimbi ya FM yana urefu wa mita 3 hivi, na antena inataka nusu yake, ikipunguzwa kidogo: bomba la aluminiamu la sentimita 145 lililokatwa katikati, kila kipande kikafungwa kwenye uzi wake wa waya wa televisheni. Nyuma yake tuliweka bomba refu zaidi, linalorudisha mawimbi mbele kama kioo. Mbele yake mawili mafupi ya kuyaongoza. Maungio tuliyafunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, maana maji yakiingia kwenye waya, kazi yote ni bure. Na urefu wa mlingoti una hesabu yake, ambayo mwanafunzi wa darasa la saba anaiweza. Chukua urefu kwa mita, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 4.1, utapata kilomita. Mnara wa stesheni wa mita 100 unaona kilomita 41. Mlingoti wangu wa mita 9 unaongeza 12. Nchi yetu hii ni tambarare, kwa hiyo hesabu inakubali. Zaidi ya hapo mawimbi hufika yakiwa dhaifu, isipokuwa alfajiri tulivu za kiangazi, ambapo hewa hujipanga kwa namna yake na stesheni ya mbali huingia kama iko Kahama, kisha hutoweka jua likipanda.

Majirani hawakuupenda. Huku kwetu radi haichukuliwi kama jambo la hali ya hewa tu. Ina mwenyewe aliyeituma. Oktoba 2018 iliua wanafunzi sita wa shule moja ya msingi mkoani Geita, na tangu hapo chuma kirefu angani kinatazamwa kwa jicho baya. Mama watoto naye, ambaye hana habari na ushirikina, aliniuliza: “Mwalimu, sasa unataka tufe ili usikie habari?” Swali lake lilikuwa la haki. Tulizika fimbo ya shaba ardhini, tukaunganisha mlingoti nayo kwa waya mnene, na tuna sheria isiyovunjwa: wingu jeusi likionekana, waya wa antena unachomolewa na kutupwa nje ya dirisha. Sidai kwamba hiyo ni kinga kamili. Kwa hiyo, nikiri, siku ya radi kali nakaa kimya kama asiye na redio, na Armstrong wangu ananisaidia tu kwa zile za mbali.

Siku nyingine zote nasoma kwa kidole. Tyuna ina kitufe kinachoficha mkoromo kati ya stesheni na stesheni. Mimi nimekizima makusudi. Nazungusha, nasikia mvumo kama mvua juu ya bati, mara mvumo unazimika ghafla na nyuma yake kuna mtu anayevuta pumzi kabla ya kusoma. Ule ukimya ndio unaoniambia nimefika. Stesheni ikiwa ya mbali naminya kitufe cha mono, kwa kuwa ile sehemu ya pili ya sauti inayogawa kushoto na kulia ndiyo inayoleta mchirizo. Wakipiga Tabora Jazz, nasikia gitaa la besi likitembea, kitu ambacho redio ya ujana wangu ilikimeza kabisa. Vijana wa stendi wana sabufa zinazotikisa vikombe, lakini waulize mtangazaji alisema nini. Watangazaji wenyewe wengine wanapiga kelele kana kwamba mnara umekatika.

Mjukuu wangu wa kiume ananihurumia. “Babu, redio zote ziko kwenye simu.” Ni kweli, bando likiwepo na mtandao ukitulia. Lakini kioo cha simu ni laini kote. Kidole changu hakipati pa kuanzia. Na hata redio iliyo ndani ya simu yake haishiki mpaka achomeke waya wa masikioni, kwa sababu waya huo ndio antena yake. Nilipomweleza hilo alinyamaza, akaanza kuutazama mlingoti kwa heshima kidogo.

Sasa mchwa wameula chini. Mwezi ujao atauchimbua, aweke bomba la chuma, na bibi yake ameagiza usogezwe hatua kumi kutoka jikoni. Akishausimamisha ataugeuza polepole kuelekea mashariki, nami nitakuwa ndani, kidole kwenye swichi, nikimpigia kelele kupitia dirishani: rudi kidogo, rudi, hapohapo.