Msafiri wa Aru akifika Bunia: atakula wapi, ataoga wapi?

ARU – Kila juma wakaaji wa Aru wanashuka Bunia kutafuta karatasi za serikali, kupeleka mgonjwa, au kuona jamaa waliokimbia vita. Tangu 2015 Bunia ni makao makuu ya jimbo la Ituri, na mambo mengi ambayo zamani yalimtuma mtu hadi Kisangani yanamalizikia huko. Njia inapita Mahagi na kuingia Djugu, na hakuna anayejua kwa hakika saa ya kufika. Msafiri anashuka na njaa, vumbi toka kichwani mpaka miguuni. Kwanza anatafuta vitu viwili: sahani ya chakula na ndoo ya maji.

Chakula hakikosekani. Kando ya barabara kubwa ya Libération na kuzunguka soko kuu, mama wa malewa wanapika tangu asubuhi. Mapema kuna chai na mandazi. Saa sita kuna bugali ya muhogo, sombe, maharagi, na samaki wa Ziwa Albert wanaotoka Kasenyi na Tchomia. Mwenye kuzoea mji haangalii bei peke yake. Anaangalia kama chungu kingali motoni, kama kuna maji na sabuni ya kunawa, na kama motari wanakula hapo, kwa maana wao wanakula nje kila siku. Kipindupindu kinajulikana sana pande za ziwa, basi chakula cha moto ni kinga. Na shilingi ya Uganda, inayotembea vizuri sokoni Aru, ibadilishwe mapema, maana Bunia watu wanahesabu kwa franka na dola.

Anayelala katika nyumba ya wageni aulize habari ya maji kabla ya kulipa chumba. Bomba linaweza kuwa ukutani na lisitoe hata tone. Aangalie kama pipa limejaa, na akitaka maji ya moto aombe mapema.

Lakini wengi wanafikia kwa dada au kwa mjomba, na wengine kwa jamaa aliye katika kambi kama Kigonze, wanakokaa watu waliokimbia mauaji ya Djugu. Huko ndiko shida ilipo. Desturi inasema mgeni akifika anawekewa maji ya kuoga, kisha chakula. Mama wa nyumba hatasema kamwe kwamba maji yamekwisha. Atamtuma mtoto na bidoni, na mtoto atasimama kwenye foleni.

Mashirika ya msaada yanafuata kipimo cha chini cha lita 15 kwa mtu mmoja kwa siku, za kunywa, kupika na kunawa. Jamaa ya watu 6 inahitaji lita 90, karibu bidoni 5 za lita 20. Mgeni akimwaga ndoo nzima, amemaliza maji ya mtu mmoja ya siku nzima.

Wengine wanadhani dawa ni kukataa: “Nimekwisha kula, nimekwisha kuoga.” Hilo nalo linauma. Aliyepoteza nyumba, shamba na ng'ombe bado anaweza kumpokea mgeni wake. Akikataliwa hata hapo, anabaki mtu wa kupewa tu.

Msafiri mwenye busara anakula na kuoga mjini, kisha anafika kwa jamaa na bidoni iliyojaa, unga, chumvi na sabuni. Wazee walisema mkono mtupu haulambwi. Akiwekewa maji, ananawa uso, mikono na miguu, anashukuru. Chakula kikiletwa, anaonja pamoja na wote, na kuwaachia watoto sehemu kubwa. Na kama atalala mpaka siku ya pili, aamke mapema, achukue bidoni mwenyewe, aende kusimama kwenye foleni pamoja na watoto.