Kilichonaswa na Chujio

Chujio la petroli la pikipiki ni kitu kidogo mno: kikebe cha plastiki angavu, hakizidi urefu wa kidole, chenye mdomo mwembamba kila upande na mshale uliochorwa ubavuni. Hukaa katikati ya mpira utokao kwenye tangi kwenda kwenye kabureta. Mafundi wa Songea huliita filta, na pikipiki nyingi za kizamani ziliteremka melini bila hilo. Zilikuwa na wavu mdogo tu juu ya koki, ndani ya tangi, na waliozitengeneza waliona huo watosha. Labda ulitosha kwa petroli waliyoijua wao, si kwa ile iliyosafiri kwa lori kutoka pwani kupitia Iringa, Makambako na Njombe, kisha ikamiminwa dumu, ikatoka dumu ikaingia chupa.

Pikipiki ya habari hii ni Honda CG125, aina iliyoanza kuuzwa katikati ya miaka ya 1970, nayo ilisanifiwa makusudi kwa nchi ambazo fundi yu mbali na vipuri viko mbali zaidi. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu wa kijiji kimoja kando ya barabara iendayo Mbinga. Imebeba kahawa, imebeba mbolea na madaftari, na usiku mmoja wa mvua ilimpeleka mkewe hospitali ya Peramiho. Walikwenda wawili wakarudi watatu. Kwa hiyo ilipoanza kukohoa na kuzimika kwenye miinuko, halikuwa jambo la chombo tu.

Kijiji kilikwisha toa hukumu kabla ya fundi. Mkosaji, walisema, ni yule mama mjane auzaye petroli ya chupa chini ya mwembe. Biashara ya namna hiyo hairuhusiwi, na hatari yake ya moto haina haja ya kuelezwa. Lakini kituo cha mafuta kilikuwa mbali, na watoto watatu walikuwa wakisoma kwa fedha ya chupa zile. Wakasema anachanganya mafuta ya taa. Vijana wa bodaboda wawili watatu wakaacha kununua kwake, wengine wakawa wanamngoja Mwalimu aseme, maana nusu ya kijiji aliifundisha yeye kusoma.

Tuhuma ile haikuzuka hewani. Kwa miaka mingi kodi ya mafuta ya taa ilikuwa ndogo kuliko ya petroli na dizeli, na penye pengo la bei hapakosi mchanganyaji. Mwaka 2010 EWURA ilianza kutia vinasaba katika mafuta ili kuwabaini wachanganyaji, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuliziba pengo. Neno kuchakachua lilishika kasi siku zile. Likatoka kwenye matangi likaingia hata kwenye masanduku ya kura. Pengo lilipungua, lakini mazoea ya kushuku yakabaki, na anayeshukiwa kwanza ni yule asiye na wa kumsemea.

Mwalimu aliikokota pikipiki yake hadi kwa fundi mmoja wa Bombambili, mjini Songea, pamoja na chupa moja aliyoinunua kwa mama yule asubuhi hiyohiyo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Inamisi. Wanasema ni petroli."

"Wanasema," fundi akaitikia, akafunga koki.

Aliukata mpira wa zamani akautupa wote, kwa kuwa ulikwisha kukauka na kumomonyoka kwa ndani. Akaliweka kando chujio la karatasi, akachukua lenye wavu wa shaba. Sababu yake ni nzuri: kabureta ya pikipiki hii haina pampu ya kuivutia mafuta, petroli huteremka kwa uzito wake yenyewe, na karatasi nzito iliyokusudiwa gari lenye pampu huweza kuinyima injini chakula kwenye mwinuko, wakati inapokihitaji zaidi. Akauelekeza mshale kwenye kabureta. Akahakikisha mpira unateremka mfululizo bila kupanda popote, wala haugusi silinda yenye moto, akaubana kwa vibanio pande zote mbili. Koki ilipofunguliwa, chujio lilijaa nusu tu, na povu la hewa likabaki juu. Wateja wengi huliogopa povu hilo. Halina neno.

"Sasa tusikisie, Mwalimu. Izungushe leo, kesho tutasoma."

Kesho yake chujio lilisomeka. Upande wa kuingilia palikuwa na unga wa rangi ya matofali. Fundi alichukua sumaku ya spika ya redio mbovu, akaipitisha nje ya plastiki, na baadhi ya chembe zikaifuata. Akamulika tochi ndani ya tangi: kuta zake zilikuwa kama udongo mwekundu wa njia ya shamba. Tangu Mwalimu astaafu, pikipiki ilikuwa ikilala wiki nzima na tangi nusu tupu, masika mpaka masika. Hewa yenye unyevu huingia kwa tundu la kifuniko, hugeuka maji kwenye chuma baridi, na maji, yakiwa mazito kuliko petroli, hujilaza chini karibu na koki na kuanza kula.

Ile chupa ilikuwa imesimama usiku kucha juu ya rafu, nayo haikuwa na tabaka la maji wala tope. Fundi aliiunganisha moja kwa moja na kabureta, akaliacha tangi kando. Injini ikanguruma bila kukohoa hata mara moja.

Hata hivyo, chujio haliwezi kumtakasa mtu na tuhuma ya kuchanganya. Msomaji aliyezoea kifumbu atafahamu upesi: kifumbu huzuia chicha, lakini hakitengi tui na maji. Mafuta ya taa yakishayeyukia katika petroli hupita wavu wowote. Kwa hilo fundi alidondosha tone juu ya karatasi safi. Petroli huruka, mafuta ya taa huacha doa la mafuta. Karatasi ikakauka nyeupe. Si ushahidi wa mahakamani, akasema, lakini yeye angeinunua.

Jioni Mwalimu alisimama chini ya mwembe, mbele ya vijana wa bodaboda, akaagiza lita mbili. Kisha akatoa mfukoni lile chujio lenye unga mwekundu. Fundi alikwisha mwekea jingine.

"Kwa hiyo ni tangi, Mwalimu?" mama akauliza, akiligeuzageuza juani.

"Ni tangi langu, mama."

Tangi lilisafishwa wiki iliyofuata, kwa mnyororo mwembamba na changarawe zilizotikiswa ndani hadi mikono ikachoka. Chujio halikurudishwa. Linaning'inia kwa uzi juu ya meza ya chupa, na wanunuzi hulitazama kabla ya kutoa fedha, ijapokuwa haliwezi kuwaambia lolote juu ya petroli ya leo.