Dawa za Kila Mwezi

Sisi tukaao England twasikia kila siku kwamba matibabu ya huku ni bure. Kumwona daktari ni bure kweli, lakini dawa hulipiwa. Mwaka 2025 ada ilikuwa pauni 9.90, nayo hutozwa kwa kila dawa, wala si kwa kila cheti. Baba wa miaka 50 mwenye shinikizo la damu, anywaye dawa mbili na kuzichukua kila mwezi, zilimtoka pauni 237.60 kwa mwaka. Ndipo tuonapo mtu akiruka siku ili vidonge vidumu, naye awafiche watu wa nyumbani. Wahenga walisema: mficha maradhi kifo humuumbua.

Njia ipo. Hati ya kulipia mbele, ya miezi 12, ilikuwa pauni 114.50 mwaka huo huo, nayo hutosha kwa dawa zote. Aliyetimiza miaka 60 hatozwi kitu; wala hatozwi mwenye kisukari atumiaye dawa, mradi awe na hati yake ya msamaha.

Ama kuagiza, kusingojewe kidonge cha mwisho, kwani daktari na duka la dawa huhitaji siku kadhaa.

Enyi vijana, ninyi ndio mzijuao karatasi hizi. Hesabuni vidonge vya wazee wenu, waulizeni kwa adabu, kisha waombeeni hati. Afya ni amana, na mzazi mwenye haya hasemi mpaka aulizwe.