Mizani Nane, Silinda Nne

Mchagua jembe si mkulima. Waliotunga methali hii hawakupata kumwona kijana aliyesimama mbele ya gari dogo la silinda nne, boneti imefunuliwa, fundi yu upande mmoja na rafiki upande wa pili, naye hajui kama aing'oe injini ile atie yenye nguvu zaidi, au aendelee kujifunza kwa hiyo hiyo aliyonayo. Hata hivyo methali yamhusu. Mchezo anaoupenda ni drifti, yaani ufundi wa kuliacha gari liserereke konani kwa makusudi, likapita ubavu ubavu, magurudumu ya nyuma yameachia barabara na ya mbele yameelekezwa kinyume cha kona. Rafiki anamwambia kwamba kwa nguvu chache hizi hatafika popote. Fundi ananyamaza, kwani vyovyote itakavyokuwa, yeye atapata kazi.

Shauri hili si geni. Limebishaniwa tangu miaka ya 1980 huko Japani ulikokulia mchezo wenyewe, na wanaolibishania hawagombani juu ya vyuma peke yake. Wanauliza jambo ambalo kila mwenye fani hukutana nalo siku moja: upungufu wa chombo ni adui wa ufundi, au ndio mwalimu wake?

Habari za drifti aghalabu huanza na Kunimitsu Takahashi. Kabla ya kuingia katika magari, Takahashi alikuwa mpanda pikipiki, na mwaka 1961, huko Hockenheim, Ujerumani, alikuwa Mjapani wa kwanza kushinda mbio za ubingwa wa dunia wa pikipiki. Katika miaka ya 1970 watazamaji walistaajabu kumwona akiingia konani kwa kasi, gari likiserereka, naye akatoka upande wa pili bila ya mwendo kumpotea. Miongoni mwa waliovutiwa naye alikuwamo kijana wa mkoa wa Nagano, Keiichi Tsuchiya, aliyezaliwa mwaka 1956. Huyu alijifunzia kwenye barabara za milimani zenye kona zisizokwisha, na mwaka 1987 ikatoka video iitwayo Pluspy iliyomwonyesha akiteremka mlima kwa gari lake. Tangu hapo jina lake likaenea.

Tsuchiya hakuwa mtu asiyeijua nguvu. Mwaka 1995, yeye na Takahashi, pamoja na Akira Iida, walishinda daraja la GT2 katika mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, mwalimu na mwanafunzi wakipokezana usukani mmoja. Mwaka 1999 alikuwa katika timu ya Toyota iliyomaliza ya pili kwa jumla katika mbio hizo hizo. Lakini ukimtaja mbele ya wapenzi wa drifti, hawatayakumbuka kwanza magari hayo makubwa. Watalikumbuka gari dogo la mlimani.

Gari hilo ni Toyota ya muundo wa AE86, iliyotengenezwa baina ya mwaka 1983 na 1987 kwa majina mawili, Corolla Levin na Sprinter Trueno. Injini yake, 4A-GE, ina silinda nne, valvu 16, na ukubwa wa sentimita za ujazo 1,587. Huko Japani ilihesabiwa kuwa na nguvu za farasi 130, na gari lenyewe halikutimia uzito wa tani moja. Ndugu zake wengi wa ukoo wa Corolla wakati huo walikwisha geuzwa, wakawa wanavutwa na magurudumu ya mbele. AE86 ilibaki na desturi ya zamani ya kusukumwa na ya nyuma. Kwa hiyo msomaji wa pwani asiichanganye na Corolla zilizozoeleka, zile zilizoshushwa katika bandari za Mombasa, Dar es Salaam na Unguja baada ya kutumika kwao. Nyingi kati ya hizo huvutwa kwa mbele, na mkia wake hufuata tu, kama mtoto aliyeshikwa mkono.

Sasa yapasa kueleza jinsi gari dhaifu linavyoserereshwa, maana humo ndimo ilimo hoja nzima. Gari lenye nguvu nyingi halihitaji kubembelezwa. Dereva hukata usukani, akakanyaga mafuta, na tairi za nyuma zikashindwa kuishika lami. Gari la nguvu 130 halitii amri hiyo, hasa pale lami ilipo kavu na tairi ni nzima. Hapana budi liandaliwe. Dereva aingie konani na mwendo wa kutosha. Akanyage breki mahali panapostahili, uzito uhamie mbele na mkia uwe mwepesi. Kisha akate usukani kabla uzito haujarudi. Ama alipeleke gari kwanza upande usio wa kona, kisha aligeuze ghafla, mfano wa mtu arudiye nyuma hatua moja apate kuruka. Ama akanyage klachi na kuiachia kwa kishindo, injini ikiwa inazunguka juu kabisa. Ama aivute breki ya mkono. Mkia ukishachomoka, kazi ndiyo kwanza imeanza: usukani urudishwe kinyume kwa kipimo, na mguu wa mafuta uitunze mizunguko ya injini isishuke, kwa kuwa huko chini injini hii haina pumzi.

Akikosea katika maandalizi hayo, hana pa kukimbilia. Mwenye nguvu 400 aliyeingia polepole atakanyaga mafuta, moshi ufuke, na kosa lifunikwe. Mwenye 130 aliyeingia polepole ataliona gari likinyooka katikati ya kona, likienda zake kama gari la mtu anayerudi sokoni. Kila anayetazama atajua. Naye mwenyewe atajua zaidi, kwamba kosa halikutendeka pale gari liliponyooka. Lilitendeka mita 30 nyuma, pale alipoigusa breki mapema kwa woga.

Mpenzi wa mashairi hatahitaji kufafanuliwa sana jambo hili. Kipande cha utenzi hupewa mizani nane, basi. Bwana Mwengo wa Athumani wa Pate, ambaye Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728 unanasibishwa kwake, aliviingiza vita vizima ndani ya kipimo hicho, wafalme na majeshi yao, kwa beti zaidi ya 1,000. Na mwenye kutunga shairi la vina anaijua hofu ya mshororo wa tatu. Kina alichokichagua mwanzoni kwa haraka, kwa kuwa kilimjia chenyewe, humrudia pale ambapo maneno yamekwisha, kikamdai. Hapo hawezi kuongeza mizani ili aokoke. Itampasa arejee juu, alikoanzia, akapange upya.

Ushahidi wa kwamba mkono waweza kuishinda mashine haukosekani. Mashindano ya D1 Grand Prix yalipoanzishwa Japani mwaka 2001, uwanja ulijaa magari yenye tabo, kama vile Nissan Silvia, ambayo injini yake ya silinda nne ya SR20DET ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 205 hadi 250 kwa kufuatana na toleo. Mwaka wa pili, 2002, bingwa alikuwa Katsuhiro Ueo, na gari lake lilikuwa AE86.

Hata wenye viwanda waliusikia ubishi huu. Mwaka 2012 Toyota walipotoa gari jipya na kulipa jina la GT86 kwa kuukumbuka ukoo huo, walilitilia injini ya silinda nne, isiyo na tabo, yenye nguvu za farasi 200, na matairi membamba ya aina iliyotumika pia kwenye Prius, gari la kubana mafuta. Wengi walinung'unika. Lakini mpango ulikuwa wazi. Tairi isiyoshika sana huachia mapema, kwa mwendo mdogo, na mwanafunzi hupata nafasi ya kulisikia gari kabla halijawa hatari. Badala ya kumwongezea nguvu ya kuishinda tairi, walimpunguzia tairi.

Kuna na hesabu ambayo rafiki mwenye kuhimiza huisahau. Injini mpya haiji peke yake. Ikiwa nzito kuliko ya kwanza, pua ya gari huzama, na ule wepesi wa kugeuka uliokuwa sifa yake hupungua. Gia ya zamani, iliyotengenezwa kwa nguvu 130, itasagika. Difu itadai kubadilishwa, kisha eksheli, kisha rejeta, kisha breki, kwa maana gari linaloongezewa mbio lazima liongezewe na kusimama. Tairi nazo, zilizokuwa zikimaliza wiki kadhaa za mazoezi, sasa zitamalizika kwa alasiri moja. Fedha ambayo ingenunua siku nyingi za kujifunza hununua siku moja ya kelele. Kijana aliyeuza mali yake kwa ajili ya injini akakosa ya kununulia tairi amejikuta, kwa lugha ya harusi, amenunua viatu akakosa kanzu.

Pamoja na hayo, si haki kuufanya uchache kuwa ibada. Drifti ya mashindano leo si ile ya mlimani. Magari mawili huingizwa pamoja, moja likiongoza na jingine likilifuata karibu mno, milango ikitaka kugusana. Kona ni pana, na tairi za sasa hushika lami kwa namna ambayo injini ya miaka ya 1980 haiwezi kuzibandua. Katika mashindano ya Formula Drift, yaliyoanza Marekani mwaka 2004, yamo magari yenye nguvu za farasi zaidi ya 1,000. Mtu akienda huko na nguvu 130, hata awe na mkono wa namna gani, hataonekana. Na yuko dereva ambaye ameimaliza injini yake: anaingia barabara, anaandaa barabara, mguu wake haukosei, na bado kuna kona ndefu ya kupanda ambako mashine inakata roho kabla yake. Kumwambia huyu abaki alipo ni kumfungia mlango kwa jina la adabu.

Shuichi Shigeno, mchoraji wa hadithi ya Initial D iliyochapishwa Japani tangu mwaka 1995 hadi 2013, alililifahamu hili. Shujaa wake ni mtoto wa mwuza tofu, ambaye tangu hajatimiza umri wa leseni hupeleka bidhaa alfajiri kwa AE86 ya baba yake, na kikombe cha maji kimewekwa ndani ya gari. Maji yasimwagike, tofu isivunjike. Hadithi hiyo ndiyo iliyolifanya gari dogo lipendwe hata na watoto ambao hawakuwa wamezaliwa lilipotengenezwa. Lakini katika hadithi hiyo hiyo injini ya kwanza inakufa shindanoni, na baba anatia nyingine iliyojengwa kwa mashindano. Kijana haoni faida yake papo hapo. Inamlazimu ajifunze upya. Baba alikuwa ameingoja siku hiyo, hakuitanguliza.

Mfuatano huo ndio wenye uzito kuliko idadi yoyote ya farasi. Miongoni mwa watunzi wa Kiswahili ubishi kama huu uliwaka mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi, mwana wa kisiwa cha Ukerewe, alipotoa Kichomi na kuviweka vina na mizani kando. Waliomshambulia na waliomtetea walisema mengi. Swali la haki lilikuwa fupi: mwandishi ameacha kipimo kwa sababu hakikutosha kubeba alichonacho, au kwa sababu kipimo kimemshinda? Swali hilo hilo ampaswalo kuulizwa ni kijana mwenye boneti wazi.

Visiwani jambo hili lina mfano wake baharini. Nahodha wa tanga asiyekuwa na upepo wa nyuma hubisha: hukiendesha chombo mshazari, mara upande huu mara upande huu, na kwa kwenda upande akafika mbele. Siku akipachika mashine, hana sababu ya kuona haya, kwa kuwa mashine humfikisha na samaki wabichi. Ila aliyeanza na tanga, mashine ikizimika nje ya mkondo, atatazama upepo. Aliyeanza na mashine atatazama simu.

Limebaki moja ambalo wapenzi wa video za milimani hawapendi kuambiwa. Barabara ya watu si uwanja. Gari linaloserereka huchukua upana wote wa njia, na kwenye kona ya kijijini upana huo una mwanafunzi na baiskeli yake, una mama na ndoo kichwani. Nguvu ndogo hapo humpunguzia mtu mwendo wa kosa, haimwondolei kosa. Kiwanja kilichofungwa, lami iliyomwagiwa maji, na tairi zilizochakaa vyatosha kumfundisha mtu mambo ambayo nguvu 400 zingemficha.

Basi kijana na aishushe boneti kwa leo. Aende akaandike, kwa kona anazozijua kiwanjani, pale ambapo injini ilimnyima, na pale ambapo yeye ndiye aliyeinyima injini. Orodha ya kwanza ikiwa ndefu kuliko ya pili, na amwite fundi. Ikiwa kinyume chake, fedha na zibaki mfukoni, na anunue tairi.