Saa ya rubani kwa mzee wa reli

Mwanamke huyo ni muuguzi mjini Kigoma, ana miaka arobaini na mitatu, na kwa muda mrefu alikuwa akitafuta saa ya mkononi ya kumpa baba yake. Mzee anaishi Ujiji. Aliingia kazini reli mwaka 1974, enzi za Reli ya Afrika Mashariki, akaendelea baada ya Jumuiya kuvunjika mwaka 1977, na akastaafu akiwa gadi wa treni. Mtu aliyezoea kupeperusha bendera ya kijani kwa dakika hawezi kukaa bila saa. Ile aliyokuwa nayo, Seiko 5 ya miaka ya themanini, ilikuwa imefunguliwa na mafundi mara nyingi mno hadi mfuniko wa nyuma ukawa haukazi. Jasho liliingia, kutu ikafuata.

Binti alizunguka maduka ya Mwanga akateremka Barabara ya Lumumba mpaka karibu na stesheni. Alikuta saa za aina mbili. Kuna za betri za shilingi elfu ishirini au thelathini, na kuna zenye majina makubwa kwa bei ambayo peke yake inatosha kukuambia kwamba jina limebandikwa. Za betri mzee alikwishazikataa siku nyingi. Kwake yeye saa ya betri ni bangili inayosubiri siku yake.

Mdogo wake anayefanya kazi Maskati ndiye aliyetuma picha. Saa ya otomatiki, sura ya saa za marubani, kutoka kampuni ndogo isiyo chini ya kampuni yoyote kubwa na isiyo na maduka. Unaagiza kwao wenyewe. Bei ilikuwa kama shilingi laki nne na nusu, mbali na gharama za kuifikisha Kigoma. "Dada, kwa pesa hiyo hupati kitu kama hiki dukani," aliandika. Dada aliliangalia jina, hakuwahi kulisikia. Lakini muuguzi amezoea jambo hili: dawa ile ile huja kwenye boksi la jina kubwa na kwenye boksi la jina lisilojulikana, na cha kuuliza ni kilichomo ndani. Akauliza.

Ndani mlikuwa na mashine iitwayo NH35, inayotoka katika kundi la kampuni za Seiko za Japani. Hapo ndipo penye siri ya saa nyingi za bei nafuu za kampuni ndogo duniani. Kampuni inabuni uso, kasha na mkanda, kisha inanunua moyo ulio tayari. Si aibu, na kwa mtu wa Kigoma ni heri hasa, kwa sababu mashine hiyo mafundi wanaifahamu, na nzima nzima huuzwa peke yake kwa bei isiyofikia nusu ya saa. Kampuni ndogo inaweza kufunga ofisi mwaka kesho. Moyo wa saa yake hautakosa fundi. (Kioo na mishale ni habari nyingine, hivyo ni vya kampuni yenyewe, na vikivunjika utahangaika.)

Sura yake ina historia ndefu kuliko kampuni. Mwaka 1904 Louis Cartier wa Paris alimtengenezea rafiki yake Alberto Santos-Dumont, Mbrazili aliyekuwa akiruka angani, saa ya kufunga mkononi, ili asiachie usukani kutafuta saa mfukoni. Ila sura inayoigwa leo ni ya wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kampuni tano, yaani A. Lange & Söhne, IWC, Laco, Stowa na Wempe, zilitengeneza saa za waongoza njia wa ndege za kivita za Ujerumani. Zilikuwa na upana wa milimita 55, karibu na kifuniko cha chupa ya chai, na zilifungwa juu ya mkono wa koti. Uso mweusi, namba nyeupe nene, na pembetatu yenye nukta mbili pale kwenye 12, ili mtu aliyechoka katikati ya giza ajue juu ni wapi. Hazikuwa otomatiki, zilitiwa ufunguo kwa mkono. Laco na Stowa bado zipo, bado ni ndogo, bado zinaziuza kwa vipimo vya mkono wa kawaida.

Kigoma nayo iliziona ndege za vita mapema. Juni 1916 ndege za Wabelgiji, zile zinazotua majini, zilivuka ziwa kutoka upande wa Kongo zikadondosha mabomu bandarini, zikiiwinda meli Graf von Götzen, ambayo baadaye ikawa Liemba. Mzee alipoambiwa kuwa saa yake ni ya rubani, hiyo ndiyo hadithi aliyoanza kuisimulia.

Kabla hajampa, binti aliivaa wodini wiki mbili. Ndiyo njia pekee ya kuijua saa, na ni vizuri kusema alichokiona, kizuri na kibaya.

Saa hizi zina nyuso mbili. Moja ina namba za saa kubwa pembeni. Nyingine pembeni ina namba za dakika, 5, 10, 15 mpaka 55, na saa zimebanwa katika duara dogo katikati. Hii ya pili inapendeza kwenye picha, ila kwa macho ya mzee wa miaka sabini na tatu ni usumbufu. Mswahili tayari ana hesabu yake: akiona mshale kwenye 7 anasoma saa moja, na ile pembetatu ya juu kwake ni saa sita. Ukimwongezea duara ndani ya duara unamtesa bure. Aliagiza yenye namba kubwa.

Mshale wa sekunde unatoka katikati na ni mrefu, hivyo kuhesabu mapigo ya moyo ya mgonjwa ni rahisi. Ukivuta kifundo cha pembeni unasimama, unausubiri wakati sahihi, unausukuma, unaondoka. Kifundo chenyewe ni kikubwa kama kitunguu kidogo, kwa kuwa marubani wa zamani walivaa glovu. Ujiji hakuna wa kuvaa glovu, lakini kuna vidole vilivyokakamaa kwa umri, na kwa vidole hivyo kifundo kikubwa ni neema. Rangi ya mishale hung'aa gizani; umeme ukikatika saa tisa usiku bado unasoma.

Ilikuwa inakimbia. Kwa saa ya simu, ilizidisha sekunde 12 kwa siku, yaani dakika moja na sekunde 24 kwa wiki. Kwa mashine hii hilo si kosa: kiwanda chenyewe kinaruhusu ichelewe hadi sekunde 20 au iwahi hadi sekunde 40 kwa siku. Saa ya betri ya elfu ishirini itaishinda kwa usahihi kila siku ya maisha yake, na anayenunua otomatiki alijue hilo kabla hajalipa. Kwa Ujiji, hata hivyo, mtu asigombee sekunde. Stanley aliandika kwamba alikutana na Livingstone hapo tarehe 10 Novemba 1871, ilhali kwa shajara ya Livingstone ilikuwa bado Oktoba.

Kilichomchukiza ni mkanda. Ulikuwa wa ngozi nene wenye vifungo vya chuma, kama wa zamani. Wiki mbili tu za joto la ziwani na ulianza kunuka. Na mzee anatawadha mara tano kwa siku. Saa iliandikwa inahimili maji ya mita 50, maana yake inavumilia kunawa na mvua, si kupiga mbizi, na kifundo kiwe kimesukumwa ndani. Ngozi haina ahadi hata hiyo. Aliung'oa akaweka wa nailoni wa shilingi elfu nane kutoka sokoni, ukakaa vizuri kuliko ule wa kiwandani.

Mzee aliipokea, akaigeuza, akaiweka sikioni. "Hii inatembea," alisema. Akavua ile ya zamani, akaiweka kwenye mkebe wa nyaraka za pensheni.

Wiki ya tatu binti alikwenda Ujiji siku ya mapumziko, akakuta saa inasema saa nne na robo wakati adhuhuri imeshaadhiniwa. Baba akasema alisahau kuitazama. Jumapili iliyofuata ikawa sawa. Iliyofuata tena ilikuwa imesimama, na tarehe imebaki nyuma siku mbili. Mjukuu wa miaka tisa ndiye aliyesema ukweli: babu kila asubuhi huazima simu ya mama mdogo, akairekebisha saa, hasa mama mkubwa akisema anakuja.

Binti aliona aibu. Alikuwa ametumia laki nne na nusu kwenye jina asilolijua, na sasa mzee anamficha aibu hiyo. Alimwandikia mdogo wake maneno makali, kisha akaichukua saa na kuipeleka kwa fundi mmoja mtu mzima anayekaa na meza yake Mwanga.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mama. Imefanya nini?"

"Inasimama. Ni mpya."

Fundi aliifungua, akaitazama kwa lenzi yake, akasema mashine ni safi, anaifahamu. Badala ya kuigusa alimwomba aiache. Aliivaa mwenyewe siku tatu, akiendesha baiskeli kwenda na kurudi nyumbani. Haikusimama hata mara moja.

"Saa haina tatizo," alimwambia. "Huyo anayeivaa, anatembea?"

Ndani ya saa ya otomatiki kuna kipande kizito cha nusu duara kinachozunguka mkono unapochezacheza, nacho ndicho kinachokaza springi. Springi ikijaa kabisa, mashine hii hukaa kama saa 41. Ukiivua Jumamosi saa mbili usiku, Jumatatu saa saba mchana imekwisha. Vile vile ukiivaa ukakaa kitini kutwa, mkono juu ya goti, haijai. Inakula akiba mpaka inazima.

Baba yake alikuwa mtembezi. Kila asubuhi alipita bustani ya kumbukumbu ya Livingstone yenye miembe, akateremka ufukweni kwenye mafundi wa mitumbwi, akazungumza, akarudi na dagaa au migebuka. Hivyo ndivyo binti alivyomjua, na hivyo ndivyo alivyodhani mambo yalivyo. Alipofika Jumapili, saa moja jioni au saa tisa alasiri, alimkuta kitini barazani, jambo la kawaida kwa mzee siku ya Jumapili. Samaki walikuwepo jikoni. Hakuuliza nani amewaleta.

Alipouliza sasa, ilikuwa ni tangu kabla ya Ramadhani. Mzee aliteleza pale watu wanapovutia mitumbwi nchi kavu, akaanguka mbele ya vijana, wakamwinua kwa heshima, na hiyo heshima ndiyo iliyomuuma. Goti la kulia lilikuwa likimsumbua tangu mwaka uliopita. Hakumwambia binti yake kwa sababu, alisema, "wewe mama unashinda na wagonjwa, ukija hapa nikuongezee mwingine?"

Binti alikaa kimya kidogo. Ni yeye anayewauliza wazee wa watu wengine, kila siku ya Mungu, kama wanalala vizuri, wanakula, wanatembea.

Alimpeleka hospitali. Goti limelika, kama magoti mengi ya umri huo. Dawa kidogo, mazoezi ya kunyoosha mguu akiwa amekaa, fimbo, na kutembea kila siku bila kujilazimisha. Fimbo aliikataa wiki nzima, halafu akaikubali ya mninga aliyochongewa na mmoja wa wale wale mafundi wa mitumbwi.

Na saa? Kwa haki, kwa mtu anayeshinda kitini saa ya otomatiki si chaguo zuri, iwe ya kampuni ndogo au ya jina kubwa. Angenunuliwa ya betri angekuwa na wakati sahihi, na asingejulikana. Bahati ni kwamba mashine hii inakubali pia kutiwa ufunguo kwa mkono. Si otomatiki zote za bei nafuu zinazokubali. Mizunguko kama arobaini ya kile kifundo kikubwa kila asubuhi inaifikisha kesho yake. Mzee huifanya baada ya swala ya alfajiri, na mjukuu anahesabu kwa sauti.

Mdogo mtu wa Maskati aliombwa radhi. Akauliza kama naye ajinunulie moja. Dada yake alimjibu kwamba saa ni nzuri kwa bei yake, aangalie mashine ni ipi kabla ya kuangalia sura, achague uso wenye namba kubwa, na autupe mkanda siku hiyo hiyo.

Kwa sasa mzee anafika kwenye miembe ya Livingstone, anapumzika, anarudi. Kwa saa yake ni dakika kumi na nane kwenda na ishirini na mbili kurudi. Ufukweni bado hajateremka.